Alama ya Dionis

"Mama Tekla, umesikia? Dionis kamkata mgambo shoka, kamuua! Kaingia msituni. Polisi wameshuka na treni ya Tabora, na bunduki!"

Ndivyo alivyonipasha jirani yangu Mwanne, kaegemea ua, uso unamng'aa kama wa bibi harusi. Nilikuwa namnyonyesha Tekla. Nilihisi kifua kimekauka.

Dionis ni mrina asali wa hapa Igalula, mtu wa maneno machache, ndevu zake zinanukia moshi. Nilipojifungua aliniwekea kibuyu cha asali mlangoni, akaondoka bila hata hodi. Mgambo walipokuja kumbomolea nyumba ahamie kijiji cha ujamaa alikataa. Mizinga ya nyuki haihami, alisema. Mmoja wao akapanda paa, wakakamatana, shoka likampata. Kuuawa hakuuawa, kaumia mkono tu. Maneno ya Mwanne hunenepa njiani.

Sajini Nassibu, mkuu wa polisi wale, hakukimbilia msituni. Alikuja kisimani, akatusalimu vizuri.

"Shemeji zangu, mizinga ya huyu bwana ina alama gani?"

"Unyayo wa kuku," Mwanne akadakia. "Na mzinga wa mwenzake hagusi, afande, hata afe njaa. Kwetu ni mwiko."

Sajini akacheka. "Basi tumemaliza kazi. Tunamsubiri mezani kwake."

Usiku ule sikulala. Asubuhi, kuni zilikuwa zimeniishia, nikaenda msituni na Tekla mgongoni, kila kijiti kikivunjika nashtuka. Nikamkuta Dionis chini ya mninga, mguu umevimba, midomo imepasuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema polepole."

"Wanakuvizia kwenye mizinga yako! Kula asali ya mzinga ule pale, wa mwenzako Anselm."

Akautazama, akameza mate. "Wa Anselm ni wa Anselm."

Filimbi ya polisi ikalia. Nyingine ikaitika upande wa reli, karibu zaidi. Tukasikia sauti ya mtu: "Akikimbia, piga!"

Tekla akaangua kilio. Nikamzungusha kifuani, nikamziba mdomo kwa kiganja.

Dionis akalitupa shoka mbali, akasimama kwa mguu mmoja, ameshika mti.

"Mwache alie, wamsikie," akasema. "Kukimbia siwezi tena, najisalimisha. Mama Tekla, nakuomba, tangulia mbele yangu na huyo mtoto kifuani. Wakimwona hawatapiga."