Usiku wa Saa Sita Mchana

Darasani walimwita Bibi. Unaisi Vakaloloma alikuwa na miaka ishirini na saba, na wenzake wengi ndiyo kwanza walikuwa wametoka sekondari. Katika umri wao, yeye alikuwa nyumbani kwao, mtaa wa Kinoya, akimuuguza mama yake, akimgeuza kitandani na kumlisha supu ya samaki kijiko kwa kijiko. Mama alipofariki, wadogo zake walikuwa bado wanasoma, naye akabaki jikoni mpaka wa mwisho alipoolewa. Ndipo akajiandikisha chuoni, Suva, mji mkuu wa visiwa vyao, kusomea filamu.

"Filamu?" baba yake aliuliza. "Si ungesomea unesi tu, maana unesi tayari unaujua?"

Mwaka wa kwanza ulimtia adabu. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa filamu fupi ya mwanamke anayefua shuka. Ilipoonyeshwa, darasa zima lilicheka mahali ambapo hapakuwa na la kuchekesha. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kubeba nyaya na kuchemsha chai. Katika kila kikundi alikubali lisemwalo na wengine, akameza lake.

Mwaka wa pili Mwalimu Lavenia aliwapa kazi ya vikundi kwa kupiga kura ya vikaratasi. Kikundi chao kilipata filamu za giza, zile za zamani, nyeusi na nyeupe: mpelelezi mwenye kofia, mwanamke mwenye siri, vivuli virefu ukutani na mvua isiyokoma.

"Mvua tunayo," alisema Apenisa. "Hata wakitaka ya kukopa tutawapa."

Walikuwa wanne. Davendra alitunga hadithi, akachaguliwa kuwa mwongozaji, na juu ya hayo akajipa sehemu ya mpelelezi. Shaleen alishika kamera. Apenisa alikuwa wa taa na sauti. Huyu Apenisa alikuwa mtoto wa shangazi yake Unaisi, na kwao binamu wa namna hiyo ni mtani wako mpaka kaburini. Jina la Bibi alikuwa amelitoa yeye. Unaisi alipewa kazi ya chakula na mavazi.

Hadithi ilikuwa nyepesi. Mama mmoja anamwajiri mpelelezi amtafute mume wake aliyepotea, na kumbe mwenye kujua alipo mume ni yeye mwenyewe.

Wiki ya kupiga picha ilipofika, mvua ikawakimbia. Suva, mji ambao watu hutoka na mwavuli hata wakienda dukani hapo mkabala, ukawa na jua la kukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Wangengoja usiku, lakini vifaa vya chuo vilitakiwa kurudi kabla ya magharibi. Jumatano asubuhi wakakaa kwenye ngazi za maktaba, mpelelezi akiwa ndani ya koti la harusi la baba yake, jasho likimchuruzika mpaka kidevuni.

"Mimi nasema tumwombe Mwalimu tubadilishe," alisema Davendra. "Tufanye vichekesho. Jua kali, watu wanacheka, kazi imekwisha."

Shaleen alikuwa anafuta lenzi. "Na mimi naona hivyo. Giza tutalitoa wapi saa hizi?"

Unaisi alikuwa anagawa chapati zenye viazi. Akamkabidhi Davendra yake, kisha akasikia sauti inatoka, na sauti hiyo ilikuwa ya kwake.

"Giza tunaweza kulitengeneza."

Wote wakamgeukia.

"Bibi kaamka," alisema Apenisa.

"Nyamaza, wewe sikio la sufuria. Ukumbi wa mtaa wetu una madirisha ya vioo vya vipande, yale ya kufungua na kufunga. Tukiyaziba kwa mikeka, ndani unakuwa usiku. Kina mama wa mtaa wana mikeka ya kukalia kwenye uwanja wa raga. Mvua tutaimwaga kwa mpira wa maji."

"Na mwanamke mwenye siri?" aliuliza Davendra. "Shaleen hawezi tena kuigiza; mama yake amekataa aonekane na sigara."

"Tutampata mwanamke ambaye hahitaji sigara ili umwogope."

Apenisa akaacha kutafuna. "Usiniambie ni mama yangu."

Alikuwa ni mama yake. Shangazi Makereta alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mpana wa mabega, mhubiri wa kanisani, na mtaa mzima uliinuka kitini alipoingia. Alimsikiliza Unaisi huku akimenya magimbi, asimtazame.

"Jumapili nihubiri, Alhamisi niue mtu?"

"Humuui, Shangazi. Amekufa kabla filamu haijaanza."

"Nani kamuua?"

"Wewe. Lakini hatuoni."

Shangazi akalitia gimbi kwenye sufuria, akafikiri. "Kama Mungu tu ndiye aliyeona, basi sawa."

Kesho yake asubuhi Mama Salote na kina mama wenzake walikuja na mikeka begani, wakaitundika mmoja juu ya mwingine wakiimba na kusutana. Ilipokaribia saa sita, nje jua linawaka, ndani ya ukumbi mtu hakuweza kuuona mkono wake. Apenisa akawasha taa moja, akaiweka chini, na kivuli cha Davendra kikapanda ukutani mpaka darini. Hata kina mama wakaacha kuimba.

Wakapiga picha ya mpelelezi kuingia, ya kuvua kofia, ya kukaa. Ikabaki ile kubwa ya mwisho, wawili hao mezani, wakati mpelelezi anapotambua ukweli. Davendra alikuwa amemwandikia Shangazi hotuba ya ukurasa mzima. Shangazi alijaribu mara tatu, na kila mara akaishia kuhubiri.

"Maneno haya si yangu," alisema. "Mtu aliyeficha maiti haongei hivi. Haongei kabisa."

Davendra akaanza kumweleza, na hapo umeme ukakatika, mtaa mzima. Giza likawa giza kweli.

"Basi," Davendra alisema gizani. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Tumejitahidi. Turudishe vitu."

Unaisi alisimama pale pale. Kupitia tundu dogo kwenye mkeka, uzi mwembamba wa jua ulikuwa umeingia na kulala juu ya meza, mkali kuliko taa yoyote ya chuo. Akautazama. Akakumbuka siku ile ya shuka, lakini mara hii hakurudi nyuma.

"Shaleen, kamera ina betri?"

"Inayo."

"Apenisa, nenda kwenu ukalete kioo cha kabati la mama yako. Mama Salote, naomba uuteremshe mkeka wa dirisha lile la pembeni, huo mmoja tu. Aliyeshika mpira wa maji amwagilie kioo cha dirisha, maji yateremke taratibu. Davendra, kaa kitini. Wewe kazi yako ni kumwangalia."

"Na hotuba yangu?"

"Hotuba hatuitaki. Shangazi, utamsogezea kikombe, utamwambia, 'Kunywa chai yako, itapoa.' Basi."

Davendra akaukunja ukurasa wake, akakaa.

Apenisa alisimama uani akiwa amekumbatia kioo, maji yakimrukia usoni, akalinasa jua na kulirusha dirishani. Mwanga ukaingia kwa mistari, ukakata meza, ukapanda usoni kwa Shangazi. Kivuli cha maji yaliyokuwa yakiteremka kwenye dirisha kikaanza kumtiririka mashavuni. Yeye mwenyewe hakulia hata chembe, lakini uso wake ulikuwa unalia.

"Anza," alinong'ona Unaisi.

"Bibi, jua linanihama!" sauti ya Apenisa ikatoka nje.

"Lifuate, na ufunge mdomo."

Shangazi akakisogeza kikombe. Akamtazama mpelelezi kama vile mtu anavyomtazama kuku wa Jumapili. "Kunywa chai yako," alisema kwa upole, "itapoa."

Davendra hakuigiza. Kikombe kilimponyoka kidogo, kikagonga sahani. Unaisi aliacha kamera iendelee, akasubiri, akasubiri tena, mpaka mtu wa mpira wa maji akaanza kuguna. Ndipo akasema imetosha. Shaleen aliinua kichwa, na macho yake yalikuwa yamelowa.

Filamu zilionyeshwa Ijumaa iliyofuata katika ukumbi mkubwa wa chuo, mbele ya majaji waliotakiwa kuchagua moja ya kwenda kwenye tamasha nje ya nchi. Kina mama wa Kinoya walijaa safu tatu za mbele, kanga zao za maua na mafuta ya nazi vikinukia mpaka mlangoni. Baba yake Unaisi alikaa nyuma, mikono kifuani. Mpelelezi alipotokea na lile koti, wanafunzi wakacheka. Unaisi aliusikia mcheko ule ule wa mwaka jana, akashika kiti. Lakini kivuli kilipopanda ukutani mcheko ukapungua, na Shangazi alipokaa mezani ulikuwa umekufa. Aliposema juu ya chai, kijana mmoja katikati ya ukumbi alisema, "Mama yangu," polepole, bila kujua kwamba amesema.

Kisha majina yakapita. Kwenye mstari wa mwongozaji palikuwa na jina moja: Unaisi Vakaloloma.

Akamgeukia Davendra. "Hili umeliandika wewe?"

"Mimi nilikuwa mwongozaji mpaka Alhamisi," alisema Davendra. "Siwezi kusema uongo mbele ya mama yake Apenisa. Ungeweza wewe?"

Ukumbi ulisimama. Mwalimu Lavenia, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, alipanda jukwaani na kusema majaji hawakuchukua muda: kazi itakayokwenda Auckland kwenye tamasha la wanafunzi wa visiwa ni ile ya chai. Kina mama wakaanza wimbo hapo hapo, sauti nne, na hapakuwa na wa kuwazuia.

Nje, vijana walikuwa wamemzingira Shangazi Makereta wakitaka kupiga picha naye, mradi awatazame vibaya. Apenisa akampita Unaisi, amebeba masanduku mawili ya vifaa kwa mara moja. "Mwongozaji," alisema, bila mzaha hata kidogo, kisha akaona haya na kukaza mwendo.

Baba alimkuta karibu na ngazi. Hakumkumbatia, hakuwa na desturi hiyo. Alisimama kando yake, akiwatazama watu.

"Ile ya shuka," alisema. "Bado unayo?"

"Ninayo, baba."

"Kesho nionyeshe."