Mlango wa Babu Uliokatwa Rusayl

Wiki ile nilikuwa nawasomesha wanafunzi wangu, chuoni hapa Maskati, majengo ya karne ya kumi na tisa: jinsi nguzo za chuma zilivyoanza kubeba dari na baraza, na jinsi mafundi wa Unguja walivyoacha milango ya mstatili wakachonga ya tao, kwa kufuata Wahindi. Mfano wangu wa mlango wa mtindo wa kale ulikuwa wa babu yetu, uliokuja huku kutoka Unguja melini pamoja na masanduku ya familia. Kaka yangu ndiye aliyeurithi.

Ijumaa akanialika mtaa wa Azaiba kuiona nyumba yake mpya. Barazani zilisimama nguzo sita nyeusi zenye maua, kama za majumba ya Unguja. Nikaigonga moja. Sponji ngumu iliyopakwa rangi, na chini imeshabonyea.

Mlango wa babu ulikuwepo, lakini mfupi. Misumari yake ya shaba imepakwa rangi ya dhahabu, inameremeta kama karatasi za peremende.

"Ubao wa juu u wapi?" nikamuuliza. "Ule wenye aya."

"Mlango haukuingia, mdogo wangu. Fundi wa kule viwandani Rusayl kaupunguza." Akaonesha kwa kidevu. "Ule pale, nimeufanya benchi."

Benchi ya viatu. Juu yake ndara zenye tope, na raba za watoto zinazonuka jasho.

"Kaka, haya maneno ya Mungu."

"Yamefutika zamani. Nani atayasoma?"

Nikapiga magoti, nikaondoa viatu kimoja kimoja, nikapangusa kwa ncha ya mtandio. Chini ya vanishi herufi zikatokeza: Bismillahi nzima, na nusu ya aya. Nusu ya pili msumeno umeipitia. Wifi yangu alisimama na sinia ya kahawa na halua, hajui aiweke wapi. Sikuweza kumtazama kaka usoni. Kinyaa kilinishika, kama mtu aliyekuta unywele kinywani.

"Nauchukua," nikasema.

"Chukua. Nna mbao nyingine."

Hakunyanyuka. Wifi ndiye aliyeshika upande wa pili mpaka garini. Nyumbani niliupangusa siku mbili ndipo harufu ya miguu ikatoka. Kaka bado hunipigia simu kila Ijumaa kunialika chakula, nami humwambia nna kazi.