Mnofu wa Uyoga

Kila Ijumaa mchana muuza nyama huvua aproni, hunawa kwa ndimu mpaka viwikoni, ndipo huvuka barabara kwenda mkahawa wa bintiye, usiopika nyama, maziwa wala yai. Hukaa meza ya dirishani na kuuliza kwa sauti ile ile ya kuita wateja buchani, "Leo mboga gani?" Binti hucheka peke yake jikoni, maana hapo hakuna kingine ila mboga. Tangu binti aache nyama, huu mwaka wa pili, hawajala sahani moja. Mzee hula polepole, kila kipande cha uyoga akikibonyeza kwanza kwa kidole gumba kutafuta mfupa. Mkono umezoea, hausikii la mtu. Ndivyo alivyomlisha binti huyu utotoni, asije akakwamwa.

Leo alipomaliza, kipande kimoja kilibaki pembeni ya sahani, kinono, kimelowa mchuzi. Binti akaja kutoa vyombo. "Hiki hukukipenda, baba?"

"Kaa kwanza," alisema, akikibonyeza tena kuhakikisha. "Nimekuwekea mnofu."

Binti akafuta mikono, akavuta kiti, akafungua mdomo.