Gari la Kuvuta Boti ya Msumari

Seremala huyu walimwita Msumari, na si kwa sababu ya kazi yake. Ukimkanyaga unajuta, usipomkanyaga anakutafuta. Alikuwa amegombana na mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, bila upendeleo.

Uani kwake aliunda boti ya tumbo pana, nzito kama lawama. Nafasi ya kuiegesha alikwisha kuahidiwa, ila msimamizi wa gati alimwambia waziwazi: isipofungwa pale Jumamosi kabla ya adhuhuri, nafasi anapewa anayefuata. Anayefuata alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe. Msumari alikuwa radhi aizike boti uani kuliko kumwona huyo amejinyoosha mahali pake.

Trela alikuwa nalo. Gari la kulivuta ndilo hakuwa nalo.

Mkewe akamwambia jambo ambalo hata kuku wa uani walilijua: gari linalofaa ni pikapu ya shemeji. Ni nzito kuliko boti, inasukumwa na magurudumu yote manne, na matairi yake yana meno. Kuondoka na boti si kazi, mkewe alisema. Kazi ni kusimama kwenye mteremko wakati mzigo unakuvuta majini. Msumari akauliza kama alioa mke au fundi magari. Mke akajibu kwamba naye bado anajiuliza aliolewa na nini.

Ugomvi wa mashemeji ulianzia kwenye mlango. Msumari alimtengenezea mwenzake mlango wa mbele, naye shemeji, wageni wakisikia, akasema ukiulaza chini ni jeneza, umebaki kutiwa mtu. Tangu hapo wakikutana njiani kila mmoja hugeukia ukuta, kana kwamba ukuta umemwita.

Basi Msumari akaanza kuchagua. Wenzake huangalia injini na breki; yeye aliangalia matusi. Lori la muuza mchanga lilifaa, lakini mwenye lori alishamwita mchawi. Trekta la mfugaji lilifaa pia, lakini kuna mbuzi aliyepigwa ubao na jambo lile halijaisha. Mwalimu alikubali kutoa gari lake, hata akaliosha, mpaka Msumari alipomkumbusha kwamba mwanawe ni mjinga.

Akabaki mtu mmoja ambaye hawakuwa wamekosana: mwenye gari la kubebea maiti, aliyeitwa Mzee Pole kwa kuwa neno hilo lilimtoka hata akiagiza chai. Huyu ndiye aliyenunua majeneza ya Msumari, na walielewana kwa sababu watumiaji wa bidhaa ile hawarudi kulalamika.

"Gari lina nguvu?" Msumari akauliza.

"Abiria hawajawahi kuteta," alisema Mzee Pole. "Ila mchana nina mazishi. Pole."

Jumamosi boti ikapita mtaani nyuma ya lile gari jeusi. Watu walivua kofia. Wengine waliuliza, kwa matumaini, kama marehemu ni Msumari.

Gatini, mkewe alikuwa ametangulia na mdogo wake, aliyeegemea pikapu na kamba begani, anatafuna kijiti. Mteremko ulikuwa na ute wa kijani. Mzee Pole akarudi nyuma taratibu. Breki zikashika, matairi, yaliyokuwa vipara, hayakushika. Boti ikaanza kulivuta gari.

"Sema tafadhali tu, shemeji," yule akasema, akiinua kamba.

Msumari akarukia ndani ya boti. "Nenda kalale ndani ya mlango wako."

Akakata kamba iliyoifunga boti kwenye trela. Boti ikaelea, ikateleza mbali na gati. Gari likabaki na makalio majini, mashada ya maua yakitokea dirishani moja moja. Pikapu ikalitoa kwa mvuto mmoja. Kwa mara ya kwanza maishani, Mzee Pole hakusema pole. Alipaza sauti kwamba kuanzia leo atanunua majeneza kwingine, isipokuwa moja, ambalo Msumari alitengeneze kwa vipimo vyake mwenyewe.

Msumari alikuwa anatafuta makasia, na makasia yalikuwa karakanani. Boti ilizidi kwenda zake. Msimamizi akatazama jua, kisha akamtazama shemeji, ambaye aliacha kutafuna na kuanza kutabasamu.

Mkewe akampokonya mdogo wake kamba, akafunga ncha moja kwenye pikapu, akaitupa nyingine botini.

"Vuta," akamwambia.

"Dada, nafasi hii ni yangu."

"Nilikufuta makamasi wewe. Vuta. Namtaka huyu nchi kavu, nimshughulikie mwenyewe."

Kamba ikaangukia miguuni pa Msumari. Akaiangalia kama nyoka. Kisha akaishika, uso ameugeuzia upande wa pili kana kwamba maji yamemwita, na shemeji akaendesha pikapu taratibu, shingo ameikaza, macho kwenye ukuta wa ghala. Boti ikafika gatini, ikafungwa kabla ya adhuhuri.

"Sasa mshukuru," mkewe akasema.

"Nimeshika kamba yake," alisema Msumari. "Unataka nini tena?"