Inchi Tisa za Shemeji

Katika duka la fundi huyu, mwanamume hapimwi kwa sauti. Ndivyo alivyofundishwa na mzee aliyempa kazi: zungusha tepu kiunoni, soma kimoyomoyo, andika daftarini, funika daftari. "Mwanamke ukimtajia kipimo chake atakununia," mzee alikuwa akisema, "lakini mwanamume atahama." Hata kioo alichomwachia kilimwonyesha mtu kuanzia kifuani kwenda juu tu, na wateja walikipenda kama ndugu.

Mdogo wake wa kike alipoolewa, fundi ndiye aliyesimama badala ya baba, na ndiye aliyemshonea bwana harusi suti. Kiuno thelathini na nne. Bwana harusi alikuwa karani wa mizani ya malori, mtu wa sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Kwa kuwa suti ilimkaa kama ganda la yai, aliapa kwamba fundi mwingine hatamgusa.

Mwaka wa pili wa ndoa alileta suruali ibadilishwe zipu. Fundi alipoigeuza aliona kifungo kinaning'inia kwa uzi mmoja na mshono wa nyuma umekaza nusura upasuke. Ndani ya mshono kila fundi mwenye busara huacha kitambaa cha akiba. Akafumua, akaachia nusu inchi, akashona upya. Hakusema neno. Shemeji alipoivaa alijipigapiga tumbo.

"Umeona? Kumbe ni zipu tu ilikuwa inanisumbua!"

Fundi akacheka naye. Ilikuwa hisani ndogo, ya kumsitiri mtu. Lakini hisani ndogo nayo huzaa. Kila suruali iliyokuja kupunguzwa pindo au kuzibwa mfuko iliondoka imeachiwa kidogo. Suruali mpya zilipohitajika, fundi alikata kwa kipimo cha kweli alichokiandika daftarini, kisha ndani ya mkanda akashona kitambaa kidogo chenye namba thelathini na nne. Hapo haikuwa hisani tena, na mwenyewe alijua. Sindano ilimchoma kidole siku ya kwanza aliposhona namba ile, akainyonya damu na kuendelea.

Shemeji alitamba kila penye watu. "Mimi tangu harusi ni thelathini na nne! Muulizeni shemeji yangu, yule pale." Na watu walipogeuka, fundi alitikisa kichwa kukubali.

Yote hayo angeweza kujisamehe. Asichoweza ni siku moja, miaka mitatu nyuma, dada yake alipoingia dukani na shati la mumewe mkononi.

"Kaka, niambie ukweli. Mume wangu ameongezeka? Akipanda ngazi namsikia anahema. Kule mizani anakaa kutwa, mchana anakula vya kukaanga na soda mbili, jioni anataka nyama na chumvi mezani. Nataka nibadilishe mapishi, ila ananiambia namsingizia. Wewe ndiye unayempima."

Fundi alikuwa na pini tatu mdomoni. Daftari lilikuwa pale, chini ya mkasi, na ndani yake imeandikwa arobaini. Akazitoa pini moja moja, taratibu, kama mtu anayetafuta pa kupita.

"Hayo ni mashati tu, yanasinyaa yakifuliwa," akasema. "Suruali zake ni zile zile."

Dada akashusha pumzi, akajicheka kwa wasiwasi wake, akaenda nyumbani kukaanga.

Mwaka huu, saa sita mchana, lori likiwa juu ya mizani, shemeji alishika kifua. Maumivu yakamshuka mkono wa kushoto, jasho likamtoka kama aliyemwagiwa maji. Dereva wa lori ndiye aliyemkimbiza hospitali. Aliponea chupuchupu.

Siku ya tatu wote wawili, dada na kaka, walikuwa kando ya kitanda daktari alipopita. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache.

"Moyo wako umekupa onyo, mzee. Sisi watu weusi presha hutuwahi mapema, wanaume hasa, nami nasema hutuwahi kwa sababu nimewazika kaka zangu wawili. Haipigi hodi. Ila tumbo hupiga. Suruali ikianza kubana, hiyo ndiyo hodi. Zako zilianza kubana lini?"

"Hazijawahi kubana hata siku moja."

"Nesi amekupima kiuno arobaini na tatu."

Shemeji akacheka mpaka mashine ikalia. "Amepima na blanketi! Mimi thelathini na nne, daktari. Shem, mwambie."

Fundi akaangalia vidole vya miguu yake. "Daktari ndiye anayejua," akasema.

"Lori likizidi uzito unafanyaje?" daktari akauliza.

"Nalisimamisha."

"Basi na wewe simama. Chumvi punguza, mafuta punguza, soda acha kabisa. Mboga, maharage, matunda, samaki. Nusu saa ya kutembea kila siku. Na dawa usiruke."

Nyumbani alisimama siku nne. Siku ya tano akaitaka chumvi. Dada akampigia kaka yake simu. "Njoo. Anasema hospitali walimchanganya na mtu mwingine. Anasema hana tumbo, kwa hiyo ugonjwa si wake. Anakusikiliza wewe tu."

Fundi alikwenda na daftari kwapani. Njiani alipunguza mwendo mara mbili. Mara ya pili alisimama kabisa mbele ya duka la viatu, akitazama viatu asivyovihitaji.

Aliwakuta mezani. Mbele ya shemeji palikuwa na maharage, mboga za majani na kipande cha papai.

"Karibu, shem! Njoo uone mateso. Chakula hiki hata mbuzi angeomba chumvi. Haya, mwambie dada yako kiuno changu tumalize kesi."

Dada alisimama na kijiko mkononi, akimtazama kaka yake kwa matumaini. Na shemeji naye alimtazama kwa matumaini. Kila mmoja alikuwa amemwita shahidi yule yule.

"Arobaini na tatu," fundi akasema.

"Na wewe pia?"

"Nesi hakukosea. Ni mimi niliyekuficha." Akafungua daftari, akaliweka kando ya sahani. "Miaka yote hii nimekuachia mshono bila kukwambia. Zile namba ndani ya mkanda ni uongo, nimezishona mimi."

Shemeji aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na suruali ya kijivu, akaigeuza nje-ndani. Alikuwa hajawahi kuitazama hivyo. Kando ya mshono wa nyuma palikuwa na mistari ya matundu madogo ya sindano, mstari baada ya mstari, kila mmoja mahali mshono ulipokuwa umekaa kabla haujasogezwa.

"Huu?" akauliza, kidole juu ya mstari wa kwanza.

"Mama yako alipofariki. Ulikuwa unakula bila kujua unakula."

"Huu?"

"Walipokuwekea kiti cha magurudumu pale mizani, ukaacha hata kuinuka."

"Na huu?"

"Mwaka jana. Ulikuja na kifungo mfukoni, ukasema uzi ni mbovu. Haukuwa uzi."

Shemeji akakaa. Akajishika tumbo kwa mikono miwili, polepole, kama anayekabidhiwa mtoto wa mtu. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akajaribu kucheka, kicheko kikakatika njiani. "Shem, nilikuwa natamba kwa jina lako mbele ya watu."

"Nilikuwa nasikia."

"Na ulikuwa unatikisa kichwa."

"Nilikuwa natikisa."

Akavuta sahani. Akala kijiko kimoja cha maharage, akakunja uso, akala cha pili. Hakumkaribisha fundi, wala hakumfukuza.

Dada ndiye aliyemsindikiza mpaka mlangoni. Fundi alingojea matusi, angeyapokea kama dawa. Dada alisema neno moja tu.

"Nilikuuliza, kaka."

Akafunga mlango bila kuubamiza.

Usingizi ukampungukia fundi. Kila alipozungusha tepu kwenye kiuno cha mtu, alilikumbuka swali la dada yake. Mwalimu mstaafu, mteja wa miaka, alipomwambia "achia kidogo nyuma, usinihesabie," fundi alitaja arobaini na moja kwa sauti, akamwomba akapime presha. Mwalimu alikunja kitambaa chake, akaenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Fundi akamtazama akivuka, akajua mzee wake hakukosea kuhusu kuhama. Alichokosea ni kudhani kuhama ndilo jambo baya kuliko yote.

Jumamosi ya sita tangu daftari lifunguliwe mezani, shemeji aliingia dukani na viatu vya kutembelea, shingo imeloa jasho. Dada alikuwa nyuma yake. Hakuwa amekanyaga pale tangu ukweli utoke.

"Pima," shemeji akasema. "Na leo nisikie."

Fundi akazungusha tepu. Mwili ulikuwa umeanza kujirudi kidogo, hilo aliliona, lakini safari bado ilikuwa ndefu.

"Arobaini na moja na nusu."

"Hiyo nusu ungeniachia, bwana! Maharage yote yale!"

"Siachii tena, shem."

Shemeji akacheka, kicheko cha kwanza cha kweli baada ya siku nyingi. Dada hakucheka. Aliweka mkoba juu ya benchi, akamsogelea kaka yake, akainama hadi macho yake yakawa sawa na mkanda wa mumewe, ili aisome namba ya tepu mwenyewe.

Fundi akaishikilia tepu isicheze, akageuza bega ili asimzibie mwanga.