Gauni la Mama la Jumapili ya Mavuno

Enzi zetu pale Kihesa, mwanasesere hakununuliwa. Alikuwa gunzi la hindi, na nguo zake zilitoka barazani kwa Fundi Sadiki, jirani yetu, tulikookota mabaki ya vitenge chini ya cherehani. Nyie mliokulia Iringa mnaijua Julai, meno yanagongana kwa baridi, lakini mimi nilikuwa nimeshachuchumaa pale kabla hajafungua. Wenzangu waliringia kuruka kamba. Mimi niliringia magunzi yangu, maana hakuna lililovaa mshono wa mwenzake.

Nilipofika darasa la tano nikajiona nimehitimu. Mama aliimba kwaya ya kina mama kanisani, na kwa ajili ya Jumapili ya Mavuno walinunua kitenge cha sare, cha kahawia chenye maua ya njano. Alikiacha kitandani akaenda kuchimba viazi. Nikatandaza gauni lake la zamani juu yake, nikakata kulifuata ukingoni kabisa, ulimi nje. Nilitaka akirudi afurahi.

Thubutu! Alipojipimia vile vipande, mbele na nyuma havikukutana. Sikuwa nimeacha nafasi ya mshono hata kidole kimoja. Dukani kitenge kile kilikuwa kimeisha, na asiye na sare hasimami mstarini. Mwaka ule mama ndiye aliyepewa kuanzisha wimbo.

"Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," akasema, akitafuta fimbo. Kwanza, lakini, akanikokota hadi kwa Fundi Sadiki. Mzee akavitandaza vile vipande, akapitisha kidole ukingoni.

"Mama, mtoto mkono wake umenyooka. Kasahau mshono tu." Akanigeukia. "Haya bibie, utaongeza nini?"

Nikachambua mabaki sakafuni, nikachagua kitambaa cheusi: mstari mmoja kila ubavu, toka kwapani hadi chini. Akashona vile vile nilivyosema.

Jumapili nilikaa kwenye benchi nikimtazama mama mstarini. Mwalimu wa kwaya alimtazama mama juu mpaka chini. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, mama alikuwa anaanzisha wimbo, nami nikashusha pumzi nadhani hadi madhabahuni ilisikika. Wiki iliyofuata kina mama wawili walimpelekea Fundi Sadiki sare zao zitiwe mistari myeusi, na fimbo haikutajwa tena.

Leo nina karakana yangu ya mitindo Mwanjelwa, huku Mbeya, na mabinti watatu ninaowafundisha. Wanabuni magauni kwa kidole kwenye simu, wakikosea wanafuta. Nawaambia kitenge hakina pa kubonyeza kikarudi, wananicheka: "Anti, hizo ni zama zenu!" Ukiwapa gunzi walivalishe, nadhani watatafuta chaji lake.

Mwezi uliopita mama alikuja toka Iringa na lile gauni kwenye mfuko. Alikuwa ameugua muda mrefu, na sasa amepona, ila mwili umepungua na gauni linamning'inia. Nikafumua mistari myeusi, nikaunganisha vipande vyangu vya darasa la tano kama nilivyovikata siku ile.

Likamkaa sawasawa. Akajigeuza mbele ya kioo, anacheka, nami nikamshukuru Mungu kwamba bado yupo wa kulivaa.

"Kumbe hukukosea," akasema. "Uliwahi tu."