Darubini Juu ya Mafiga

Baba yangu alipofuka taratibu. Presha ya macho ilianza kumnyima kuona pembeni, akawa anajikwaa kwa mbuzi waliolala mlangoni, na sisi watoto tukicheka. Alipofika umri nilio nao sasa, mama alikuwa akimshika mkono kumpeleka chooni. Kwa hiyo galaksi niliyozoea kuitazama kwa darubini iliponipotea, likizo ya Juni, sikufikiria mawingu. Nilimfikiria baba.

Nafundisha jiografia Korogwe mjini, lakini darubini yangu naiacha kwa mama, kijijini Sindeni, kwa sababu mjini taa ni nyingi mno. Niliinunua kwa mwalimu wa kujitolea aliyekuwa akifungasha kurudi kwao: bomba la urefu wa mkono wangu, na ndani yake, kule chini, kioo cha ukubwa wa sahani. Hainionyeshi makubwa. Galaksi ninayoipenda, magharibi kidogo ya nyota Sumbula, ni utepe hafifu tu wa mwanga, na ukiukazia macho unatoweka. Lazima uangalie kando yake kidogo, kama mtu anavyomwangalia mama mkwe. Mwezi Machi, kabla mvua hazijashika, niliiona vizuri.

Juni nilirudi nikakaa uani baada ya isha, nikayapa macho muda wa kuzoea giza. Nyota zote angavu zilikuwepo. Galaksi, hapana. Usiku wa pili, hapana. Wa tatu nikajaribu jicho la kulia peke yake, kisha la kushoto, nikaondoka nikiwa nimemkasirikia kila mtu, pamoja na galaksi yenyewe.

Mama alikuwa mlangoni akinitazama. Asubuhi niliona fimbo ya baba, iliyokuwa imelala juu ya kabati tangu tumzike, imesimamishwa nyuma ya mlango. Nikajiambia labda magoti yanamsumbua mama.

Siku ya nne nilipanda basi kwenda Korogwe kupima macho. Daktari akasema macho mazima, presha ya kawaida, akanipa na karatasi. Sikumwamini. Nilimwambia kusoma herufi ukutani na kutafuta galaksi si kazi moja, akacheka. Mimi ni mbishi, na nikiogopa ubishi unazidi. Nilirudi Sindeni jioni ile nimeamua kuipeleka darubini shuleni, wanafunzi wauangalie mwezi. Mimi nilikuwa nimemaliza.

"Mama, hii naichukua. Itakaa shuleni."

Alikuwa anapukuchua mahindi. "Huko masika itaota kuvu," akasema. "Hapa nimekutunzia. Masika yote ilikaa darini jikoni, juu ya mafiga, pamoja na mbegu. Wiki uliyokuja ndiyo nikaishusha nikaipangusa."

Kwetu mbegu za mahindi hutundikwa juu ya moto, moshi uzikinge na wadudu. Na ni mimi mwenyewe niliyemlalamikia mama kwamba unyevu wa masika utakiharibu kioo.

"Si uliacha kifuniko kimefungwa, Mama?"

"Nilikifungua. Sasa moshi ungeingilia wapi?"

Nikachukua tochi nikamulika ndani ya bomba. Kioo kilikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa iliyochemka asubuhi nzima. Nilikaa chini pale pale kwenye mabunzi nikacheka, halafu nikalia kidogo, halafu nikacheka tena. Mama alinitazama akaendelea na mahindi yake.

Kesho yake nilikitoa kioo nikakiosha kwa maji ya mvua na tone la sabuni, pamba ikipita juu yake bila kukandamizwa, maana kinachubuka upesi. Maji yaliyotoka yalikuwa ya kahawia. Nilikiacha kikauke kimeegemea ukuta, nikawafukuza kuku mpaka alasiri.

Usiku ulipoingia niliitafuta Sumbula, nikasogea magharibi, nikatazama kando kidogo. Ilikuwepo, utepe ule ule mwembamba. Macho yalikuwa yangu bado.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu saa ngapi.

"Umeiona?"

"Nimeiona, Mama."

"Na pembeni? Pembeni unaona?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba magoti yake hayakuwa na shida yoyote.

"Pembeni ndiko ninakoionea."

Aliingia ndani, akatoka na fimbo ya baba, akapita nayo kwenda jikoni. "Nilidhani imepata mwenyewe mwingine," akasema bila kugeuka. "Heri ituchemshie chai."

Nikasikia ikivunjwa. Moto ukapanda, mwanga wake ukajaa uani, na galaksi ikanipotea tena. Nikaiacha huko iliko, nikaenda kukaa na mama karibu na mafiga.